Shemeji aliandika 50G bila alama ya kujumlisha, ushahidi wa watu ukafutika

Wakuu, amahoro. Haya yamenitokea mwenyewe, siongezi chumvi. Bado nina hasira, kwa hiyo maneno makali mnivumilie.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye redio ndogo hapa Rumonge. Tuna server moja ya Linux, na ndani yake VM, yaani kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya server, inayotunza rekodi zetu zote.

Ziwa lilipopanda na kumeza viwanja kule Kabonga, tulizunguka na kinasa sauti. Kila mwenye kiwanja alileta jirani aeleze mpaka ulipita wapi. Alama ziko chini ya maji, na baadhi ya majirani wale wameshafariki. Zimebaki sauti zao tu.

Sasa diski ya VM, GB 80, ikajaa. Kuongeza 50 si kazi kubwa. Unazima VM, unakopi faili la diski pembeni, unaandika amri ya qemu-img resize na +50G, kisha ndani unapanua partition na filesystem. Basi.

Bosi akamwita shemeji yangu, mume wa dada, ingénieur kutoka Bujumbura. Huyu ndiye aliyenisomesha. Kwetu mtu kama huyo humkosoi mbele ya watu.

Nikamwambia kwa adabu, "Shemeji, tufanye copie kwanza?"

Akacheka. "Copie ya nini? Hii iko kazi ya dakika mbili."

Akaandika 50G. Bila jumlisha! Yaani anaiamuru diski ya 80 iwe 50. Mashine ikakataa, ikaonya kwamba data itafutika, na kama kweli unataka, weka --shrink.

Akaweka. Wakuu, AKAWEKA!

Na mimi onyo nililisoma. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikamwacha abonyeze Enter. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

VM haikuwaka tena. Siku tatu nimehangaika na fsck, ile programu ya kurekebisha diski, nikaokoa matangazo ya harusi na mpira. Ushahidi, hakuna. Shemeji alirudi Bujumbura mchana uleule, eti diski ilikuwa nzee. Nyoo!

Jana akaja Mama Zaina, mmoja wa wenye viwanja vya Kabonga, na flash yake achukue sauti ya shahidi wake. Shahidi huyo alikuwa mzee Ramazani, ambaye tumeshamzika. Nikamweleza, macho chini.

Akasema, "Maji ilichukua kiwanja yangu. Ninyi mumechukua mushahidi wangu."

Akaondoka na flash yake tupu.

Somo nililopata: mkubwa wako mpe kiti, mpe chai, mpe heshima zote. Password ya root, ile inayoamuru mashine nzima, usimpe. Na ukiona anakosea, sema, hata akununie mwaka mzima.

Anayejua njia ya kuokoa data kwenye faili la diski la VM (qcow2) lililopunguzwa aandike hapa chini, hata kama ni kubahatisha. Matusi pia leteni, nastahili. Ila msichelewe, kesi ya kiwanja ya Mama Zaina inasikilizwa mahakamani Jumatatu.