Mkebe wa Majani ya Chai

Teresia ana mdomo mbaya, na hiyo ndiyo sababu wanawake walimwamini. Kazi inayomlipia nyumba ni kuogesha wazee wa Harrow, hapa London, asubuhi hadi jioni. Kazi yake ya pili ni ile ambayo sisi wa fellowship, kanisa letu la Wakenya, tulijifanya hatuijui: anawatafutia wanawake wa kwetu prep, kile kidonge cha kila siku kinachomkinga mtu asiye na virusi asiambukizwe. Shirika dogo linalomtuma lilimpa nauli na jaketi. Jaketi hajalivaa hata siku moja, maana mgongoni limeandikwa habari za virusi.

Wanawake wake ni wale wasio na pa kusemea. Wanaolala kwa waajiri. Wanaouza miili na Jumapili wanaketi nasi kiti kimoja. Walioletwa na waume na karatasi zao zote ziko chini ya jina la mume. Teresia huwakuta kwenye foleni ya basi au wakichagua sukuma wiki dukani, anawauliza bila kuzunguka: "Bwanako analala nyumbani?" Mwingine hukasirika. Mwingine hunyamaza, na huyo aliyenyamaza ndiye Teresia humsindikiza kliniki.

Kuanza si shida. Unatolewa damu, unapimwa, unapewa vidonge vya kutosha mpaka utakapopimwa tena. Shida ni kuendelea, kwa sababu kidonge kinahitaji mahali pa kukaa. Mume anapekua mkoba. Mwenzako wa chumbani anapekua godoro. Teresia alihangaika na jambo hilo muda mrefu, mpaka siku moja akalipata jibu na kulicheka mwenyewe: mkebe wa majani ya chai. Unaviweka kwenye kichupa kidogo, unakizika chini ya majani.

"Tangu uolewe, umewahi kuona bwanako akichemsha chai?" aliwauliza.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Na kweli, hakuna mume aliyewahi kukipata.

Nyambura alikuwa mmoja wao. Anafanya usafi uwanja wa ndege, na anakaa na mumewe Harrison kwenye flati juu ya duka la viungo, karibu na stesheni ya Rayners Lane. Harrison ndiye aliyetangulia kuja kwa visa ya kazi, akamvuta mkewe nyuma yake. Ukimwona utampenda. Anapiga gitaa kanisani, na ukihama nyumba ndiye atakayebeba friji yako. Ana mwanamke mtaa wa Hayes na mwingine sijui wapi, na sote tulijua, lakini mtu aliyekubebea friji unamwambia nini? Kondomu hataki. Kupimwa hataki. Nyambura alikuwa ameshatibiwa ugonjwa wa zinaa aliouletewa nyumbani, na alipotoka kliniki siku hiyo alimkuta Teresia mlangoni.

"Karatasi zangu ziko kwa jina lake," alimwambia. "Siwezi toka saa hii. Lakini sitaki kukufa pia."

Basi akaanza kumeza, na hakukosa. Kila alipopimwa alikuwa mzima. Mwaka wa kwanza ukaisha hivyo.

Kisha mamake akafa huko Kinangop.

Sisi tuna desturi yetu, na tunajivunia. Ukifiwa huku ugenini hushiki sufuria. Wanawake wa fellowship wanaingia, wanachukua jikoni yako, wanapika, wanaosha, na wewe unakaa kwenye sofa ulie. Hatuulizi sukari iko wapi, tunafungua makabati. Teresia mwenyewe ameshachukua jikoni za watu wengi namna hiyo. Alifikiria waume wote wa London, akatusahau sisi.

Alifika akitoka kazini, akaketi kando ya Nyambura. Nyambura alikuwa akilia, na katikati ya kulia akamshika mkono kwa nguvu.

"Majani," alinong'ona.

Teresia aliinuka kama aliyechomwa. Mlangoni mwa jikoni akakutana na Mama Kelvin, ambaye ni kiongozi wa akina mama.

"Rudi ukae na mwenzako," Mama Kelvin alimwambia. "Wewe umetoka shift. Hapa tuko wa kutosha."

"Chai nitachemsha mimi."

"Kwani yetu ina shida gani?"

Waliokuwa ndani walicheka. Maji yalikuwa yanachemka na mkebe ulikuwa wazi.

Mama Kelvin anafanya kazi kwenye makao ya wazee, dawa anazishika kila siku. Alitoka na kichupa mkononi, mkono bado umelowa, akasimama mbele ya Nyambura. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Pole, mama," alisema. "Mbona hukutuambia? Tungekuombea. Hizi nazijua. Dada yangu alimeza hizi mpaka tukamzika."

Na hakusema uongo. Kidonge ni kile kile: mgonjwa huchanganyiwa na dawa nyingine, mzima humeza kujikinga. Teresia alilieleza hilo kwa sauti ya kusikika hadi dukani chini. Mama Kelvin alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mke wa mtu," akauliza, "anajikinga na nini?"

Chumba kizima kilimgeukia Nyambura. Jibu lilikuwa limeketi mbele yake na gitaa mapajani. Akilitaja, siku hiyo hiyo hana nyumba wala visa, na mamake bado hajazikwa. Asipolitaja, amekubali ugonjwa asiokuwa nao. Alimtazama Harrison. Harrison akainamisha kichwa, akaanza kulia.

"Sikujua naishi na nini," alisema.

Mchungaji Eddie akamkumbatia. Nyambura hakufungua mdomo.

Aliyefungua ni Teresia. "Harrison, ambia hawa watu Hayes huwa unaenda kwa nani."

Tukamtoa Teresia nje. Ndani ya matanga, mtu anamtukana mwenye nyumba, tulisema, huyu mama ana adabu kweli? Siku hiyo tulijiona watu wema.

Mchungaji aliamua kuwe na maombi, na kwamba imani haichanganywi na vidonge. Nyambura alivimwaga chooni, Mama Kelvin amesimama nyuma yake. Jumapili iliyofuata Harrison alimsamehe mkewe mbele ya kanisa, tukapiga makofi. Kisha akaenda naye nyumbani, wakalala kama walivyokuwa wakilala siku zote.

Teresia alimpigia, simu haikushikwa. Akamvizia kwenye stendi ya basi.

"Nitakuwekea kwangu," alimwambia. "Unapita, unameza, unaenda."

"Mama Kelvin anakuja kuniombea kila jioni. Anafungua kabati." Nyambura alitazama huku na huku. "Usinisimamishe mbele ya watu, Teresia. Tafadhali."

Akapanda basi, akaketi dirisha la upande wa pili.

Kabla baridi haijaisha alishikwa na homa, shingo ikavimba, mwili ukatoka vipele. Aliporudi kliniki alimpigia Teresia, na Teresia akaacha mzee wa watu bafuni, akaja. Nesi alisema virusi vipo, na vimeingia karibuni.

Harrison alipoambiwa alitikisa kichwa. "Si tuliombea hii ikaisha? Sasa imerudi."

Tukaamini imerudi. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Harrison hajapimwa hadi leo, anasema Mungu amemlinda, na bado anapiga gitaa.

Siku hizi Teresia anawaambia wanawake wake wavilete vidonge kwake. Wengi wameacha. Kuonekana mlangoni pake sasa ni sawa na kujitangaza.

Nyambura naye hafichi tena. Chupa yake ya dawa iko mezani, kando ya sukari. Tulienda kumwona alipopata nafuu, na kama kawaida yetu tukachukua jikoni, yeye akakaa kwenye sofa. Mama Kelvin alitoka na sinia. Alikuwa amepita dukani akatununulia sisi vikombe vya karatasi. Chai ya Nyambura ilikuwa ndani ya kikombe chake mwenyewe cha udongo, peke yake pale katikati.

Alikitazama, akakichukua.

"Asanteni," alisema.

Sinia ikamfikia Harrison. Alichagua cha karatasi, akapuliza chai, akanywa.