Mpima Pamba na Friji ya Chanjo

Telesphori alikuwa fundi umeme wa hospitali ndogo ya misheni upande wa Masumbwe, na asije mtu akaniambia hiyo ni kazi ya kubeba bisibisi tu. Jumatano moja mwaka 1987, friji ya chanjo iliamka na kisirani: inawaka dakika mbili, inazimika. Ndani mlikuwa na chanjo ya surua, na kesho yake akina mama wangefika na watoto wao kutoka vijiji vya mbali. Sista Bernadina, mkuu wa hospitali, alishatamka kwamba friji isipotulia hadi saa nane mchana, chanjo zitapelekwa Kahama na akina mama watarudishwa mikono mitupu. Telesphori aliumia moyo. Surua ndiyo iliyomchukua Anisia, binti yake wa miaka miwili, na mpaka siku hiyo akipita karibu na kaburi aliangalia pembeni.

Friji ilipata umeme wa betri za sola kupitia kisanduku kipya kutoka ng'ambo. Kisanduku hicho kiliukata umeme vipande vipande, maelfu kwa sekunde. Friji ikihitaji zaidi, kinavinenepesha, ikishiba, kinavikondesha. Ili kijue la kufanya, kilipima umeme mara moja katika kila kipande. Tangu asubuhi Telesphori alikuwa amebadilisha nyaya, amekaza nati, amesali, ametukana kidogo kwa Kisumbwa. Wapi! Kisanduku kilishikilia kwamba friji inavuta umeme kupita kiasi, kikaizima tena. Mwishowe akawasha kioo cha kuangalizia mawimbi ya umeme, alichoachiwa na padri mmoja. Kumbe kila kipande kilianza kwa kuruka juu, kikatetemeka, ndipo kikatulia. Na kisanduku kilikuwa kikipima pale pale kwenye mruko.

Hapo fundi wetu akacheka peke yake, maana ujinga huo aliufahamu. Kabla ya ufundi alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika, misimu sita mizima. Gunia likitundikwa kwenye ndoana, mshale unaruka, gunia linabembea, na mwenye pamba anamhimiza asome upesi kabla mshale haujashuka. Telesphori alikunja mikono, akamuuliza habari za ng'ombe wake, hadi mshale ukasimama. Walimwita mkaidi, naye aliona raha kuitwa hivyo.

Ndani ya kisanduku palikuwa na skrubu ndogo ya kuchelewesha kipimo. Akaizungusha taratibu, mpaka alama ya kupimia ikatoka kwenye mruko na kufika katikati ya kipande, palipotulia. Friji ikanguruma. Zikapita dakika mbili, tano, ishirini. Saa nane Sista akaja na dereva, akafungua friji, akatazama kipimajoto.

"Nyuzi sita," alimwambia Telesphori. "Dereva akapumzike, Baba Kamili. Haziendi popote."

Alhamisi Telesphori alipanga foleni, mwanamume pekee, amempakata Kamili, kitinda mimba wake wa miezi kumi. Wanawake walimtania kwamba mkewe amemweza. Yeye alitabasamu tu. Sindano ilipoingia, mtoto akapiga ukelele wa kusikika hadi barabarani, na baba yake akambana kifuani, anacheka huku machozi yakimtoka.

"Lia, baba," alimwambia. "Lia tu. Dada yako hakuipata hii."