Mjumbe Aliyesimama Shimoni

Darasa la tatu sikulimaliza. Nilitoroka shule nikaenda kuchekecha mchanga wa dhahabu upande wa Mkwajuni, kisha nikavuka Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba. Niliporudi Isongole sikuwa na kitu cha kuonyesha, isipokuwa tabia ya kusoma kila karatasi iliyokuwa mbele yangu, hata kama imefungiwa chumvi.

Nilimkuta mjomba wangu amenuna. Yeye alikuwa mjumbe wa baraza la Mwene, yaani chifu wetu. Miaka hiyo serikali ya Waingereza ilikuwa imeleta kitabu cha kanuni za vikao, na karani wa baraza alikilinda kama Biblia. Kikao kilichopita ililetwa hoja kwamba bonde letu, tunakopanda maharage na viazi wakati wa kiangazi, lipandwe mikaratusi ya serikali. Mjomba alipinga kwa maneno marefu na mazuri. Muhtasari uliposomwa, ulisema hakuna aliyepinga.

Nilikwenda kwa karani kuuliza.

"Hakusimama," akasema. "Kanuni inataka mjumbe asemaye asimame. Neno la aliyeketi haliandikwi."

Nikamwomba kitabu. Akanitazama miguu, viatu vyangu vikiwa vimefungwa kwa waya, akasema kile si kitabu cha watu wa darasa la tatu. Nikamwambia basi anisomee yeye wa darasa la nane. Alisoma kwa kujivuna, nami nikamrudisha kwenye kanuni ile mara tatu, mpaka nikaijua kwa moyo.

Shida ilikuwa hivi. Kwetu mtu hasimami Mwene akiwa ameketi. Kichwa chako kikiwa juu ya kichwa chake umemtukana, umewatukana na waliomzaa. Mjumbe alichuchumaa, akapiga makofi ya heshima, ndipo akasema. Kwa hiyo tangu kitabu kije, hoja zote za karani zilipita, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyekuwa ameandikwa kusema neno.

Nilimwambia mjomba asimame tu. Alikasirika.

"Mimi nimtazame Mwene utosini? Huko kwenye shaba ndiko ulikojifunza hivyo?"

"Lakini bonde litakwenda, mjomba."

Hilo mjomba alilijua. Alikuwa na watoto saba, na bonde lile ndilo lililowalisha kila mvua zilipochelewa. Kikao kilichofuata kingesoma hoja mara ya mwisho na kuipiga muhuri. Nilikaa nikiifikiria kanuni ile neno kwa neno. Ilisema mjumbe atasimama. Haikusema atasimama juu ya nini.

Asubuhi ya kikao nilitangulia na jembe. Baraza lilikuwa banda la nyasi, sakafu ya udongo. Mahali anapokaa mjomba nikachimba shimo la kunifika mapajani, udongo nikautupa nje. Wajumbe walipofika walidhani tunazika kitu. Karani aliuliza ni uchafu gani huu, lakini Mwene alikuwa anaingia, tukachuchumaa wote.

Hoja ikasomwa. Mjomba akapiga makofi, akashuka shimoni, akanyooka. Kichwa chake kilifika kwenye kidevu cha Mwene.

"Mwene, nimesimama," akasema. "Bonde ni chakula chetu. Napinga."

Karani akaweka kalamu chini, akasema huo ni mzaha. Mwene akalitazama shimo, akamgeukia karani.

"Ameketi au amesimama?"

"Amesimama, Mwene, ila..."

"Andika."

Lakini kanuni nyingine ilisema pingamizi lisipoungwa mkono linakufa. Tukangoja. Mwishowe akajongea mjumbe wa Ibaba, mtu mrefu ambaye hakuwa akisemezana na mjomba tangu ugomvi wa ng'ombe. Mjomba akapanda, yeye akashuka. Shimo halikumtosha, ilimbidi akunje magoti kidogo. Nikamwona Mwene akijinyoosha mgongo kwenye kiti chake, polepole, mpaka akawa juu.

"Nimesimama," akasema yule wa Ibaba. "Namuunga mkono huyu, ingawa simpendi."

Watu walicheka, na Mwene akaficha mdomo kwa mkono. Mikono ikahesabiwa: waliotaka mikaratusi wanne, waliotaka maharage kumi na mmoja. Karani aliandika yote, kalamu ikichana karatasi.

Kikao kilipokwisha akanijia nje, akaniamuru nifukie shimo kabla Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, hajapita kukagua.

"Imeamuliwa katika kikao gani?" nikamuuliza.

"Nakwambia mimi."

"Basi lete hoja, karani. Ukitaka kusema, pa kusimama papo."

Nikachukua jembe langu nikashuka bondeni, ambako mjomba alikuwa ameshaanza kuchoma magugu.