Matusi ya Fundi Cherehani

Enzi zile fundi cherehani alisoma mguu uko kwenye pedali, pini mdomoni, na jirani yake muuza mkaa alimsikia kupitia ukuta akiwatukana waandishi. Na wengi walistahili. Riwaya ya mapenzi: "Eti hariri inasuguliwa kwa jiwe! Mwongo, hajafua hata leso." Kitabu cha siri za kuishi miaka mia: "Kijana huyu azeeke kwanza!"

Mkewe alipofariki, fundi akasoma riwaya ya mume aliyefiwa, anayelala pembeni kumwachia marehemu nafasi yake. Safari hii hakutukana. "Kitabu kibaya?" jirani akauliza, akichungulia mlangoni. "Hakina uongo, dada. Kiondoe." Cherehani nayo ikanyamaza. Jirani akazunguka mtaa mzima akitafuta riwaya mbovu kuliko zote, akamtupia mezani. Ukurasa wa kwanza tu: "Pumbavu! Shati gani hili, vifungo mgongoni?" Jirani akajifuta macho kwa upindo wa gauni.