Mimea ya Mpaka Ndani ya Nyumba

Milio ya bunduki niliizoea. Moshi sijauzoea mpaka leo. Wakati ule wa vita, kwetu Baraka, kando ya ziwa, ukiwasha moto uani ulikuwa umewaalika askari. Hawakukuuliza wewe ni wa upande gani, waliuliza bugali iko wapi. Basi tulipika ndani, madirisha yamezibwa kwa mbao, mbabula ya makala, jiko letu la mkaa, katikati ya chumba, na mama yangu pembeni anakohoa.

Kifua cha mama kilikuwa kibovu tangu zamani, lakini moshi ule ndio uliokimaliza. Alivuta hewa kwa sauti, nami nilimsikia toka chumba cha pili nikashikwa na hasira, sijui hasira ya nani. Dawa zilikuwa zimekwisha kwenye dispansere, na muuguzi mwenyewe alishavuka ziwa kwenda Kigoma.

Habari ya mimea aliileta yaya, kaka yetu mkubwa. Alisikia redioni kwamba kuna mimea ukiiweka ndani ya nyumba inasafisha hewa. Yaya ni mtu wa kusikia jambo asubuhi, mchana ameshalifanya. Alianza na lumbalumba, majani yale yenye harufu tunayochemshia kikohozi. Yakakauka yote. Nyumba gizani namna ile, yangeishi vipi? Siku nyingine akatoka na baiskeli, akarudi na gunia. Ndani mlikuwa na mimea minne mirefu, mizizi na udongo wake: mashina membamba, majani marefu yanayoning'inia kama nywele ambazo hazijasukwa. Mimea hiyo haijui kufa. Ukiisahau gizani bila maji, bado inaota. Akaipanda kwenye makopo ya mafuta, kopo moja kila pembe ya chumba.

Sisemi uongo, chumba kilipendeza. Moshi ulibaki uleule. Yaya akasema tuipe mimea muda.

Mama alilala akiegemea ukuta, maana kulala chali hakuweza tena. Siku moja alinyoosha mkono, akashika jani, akalipapasa kwa muda mrefu, halafu akauliza limetoka wapi. Yaya akajibu kwa furaha kabisa kwamba limetoka shambani kwetu, njia ya Lweba. Mama akauliza kama aliikata au aliing'oa. Yaya akasema aliing'oa, kwa sababu kipande kilichokatwa kingechelewa kukua na yeye mama anapumua leo, si mwakani.

Kwetu mimea ile haipandwi ovyo. Ndiyo mpaka. Familia mbili zinakutana shambani, wazee wanashuhudia, mmea unapandwa kila pembe, na toka siku hiyo hakuna anayedai karatasi. Anayeing'oa amemwambia jirani yake: njoo tugombane. Na jirani yetu alikuwa amekimbilia Tanzania na watoto wake wote. Akirudi angekuta nini? Watu wamekatana mapanga kwa kipande kidogo kuliko kile, tena wakati wa amani.

Yaya aliyajua hayo yote, nani asiyeyajua? Alijitetea kwamba hakuna anayelima, na kwamba vita ikiisha atairudisha palepale. Nikamuuliza palepale ni wapi, na mvua zimepita na nyasi zimefunika mashimo? Nilimtukana siku ile, matusi ambayo dada hamwambii kaka yake. Akalia. Akasema mimi nachagua udongo, yeye anachagua mama.

Mama ndiye aliyetunyamazisha. Alisema baba yetu amekufa, wazee wale wamekufa, na wakati wa kupanda yeye alikuwepo, kwa hiyo tumpeleke akatuonyeshe. Tukakataa sote wawili. Mtu anayetoka mlangoni hadi uani akihema, utampelekaje Lweba? Akakataa chakula.

"Pumzi yangu mi iko ya leo na kesho tu," akasema. "Shamba iko ya batoto benu. Funga gunia."

Tulitoka asubuhi ambayo milio ilikuwa imetulia. Mama alikaa nyuma ya baiskeli, yaya akiisukuma, mimi nyuma yao na gunia kichwani na jembe mkononi. Kwenye kizuizi askari walilifungua gunia, wakakuta majani matupu, wakatucheka na kutuachia.

Pale shambani upepo wa ziwa ulimpiga mama usoni, akafumba macho. Alivuta hewa, akavuta tena, bila ile sauti. Niliumia sana. Dawa yake ilikuwa hapo, bure, na hatukuwa na namna ya kuibeba hadi nyumbani.

Alionyesha pembe ya kwanza kwa fimbo, karibu na kichuguu. Yaya akapiga jembe mara chache na shimo la zamani likaonekana, udongo wake laini, akaurudisha mmea. Ya pili aliifikia kwa miguu yake, ameshika bega langu. Kwenda ya tatu tulimbeba. Nikamsihi turudi, tutakuja siku nyingine. Alinikatalia kwa mkono, maneno alikuwa ameanza kuyawekea akiba.

Pembe ya nne ilikuwa chini, upande wa kijito, na nyasi huko zilikuwa zimetupita kimo. Tulimkalisha mama kwenye kivuli. Yaya alisema anakumbuka, akaenda huku, akarudi, akaenda kule. Mama akainua mkono.

"Si pale. Mungoje nipumue kwanza, nitabaonyesha."

Tukangoja. Yaya alisimama ukingoni mwa nyasi na jembe lake, anamtazama mama, na mimi nilikuwa nimemshika mgongo. Nilifikiri anapumzika. Yaya ndiye aliyeona kwanza, nikamsikia akitupa jembe.

Vita ilipopungua, mama tumeshamzika, jirani alirudi. Tulimweleza kila kitu, hatukumficha, naye hakugomba. Pembe tatu alizikubali. Ya nne hakuijua, maana aliyeijua kwao ni baba yake, na baba yake alibaki katika udongo wa Tanzania. Akatuambia tupande tunapoona panafaa. Yaya alichukua mmea wa nne, ule tuliourudisha koponi, akaingia nao kwenye zile nyasi, akakaa huko muda mrefu, akatoka nao mkononi.

Kila msimu tunalima kutoka juu, jirani upande wake, sisi upande wetu. Tukikaribia kijito, yaya anaweka jembe chini na kukaa. Jirani naye anakaa. Kipande kile hakuna anayekilima.