Simbilisi Aliyemjua Bibi

Juzi nilimnunulia binti yangu simbilisi pale Buzuruga, tukamleta nyumbani ndani ya boksi la sabuni, na tangu hapo sina raha. Si kwamba namchukia, ndugu yangu. Amenifufulia hasira ambayo nilidhani nimeshaizika.

Nilikuwa na umri kama wa binti yangu. Shule ikifungwa, mama alinivusha kwa kivuko mpaka Kamanga, tukaenda Sengerema kwa bibi mzaa mama. Jirani wa bibi alifuga simbilisi, hao wanyama wanene wasio na mkia, wakizurura jikoni kwake wanavyotaka. Likizo moja akaniambia nichague mmoja. Bibi akanishauri nitupe majani chini, atakayeyafuata wa kwanza ndiye wa kuchukua. Wapi! Macho yangu yalishamwona mmoja mweupe, ana baka la kahawia jichoni, kajibanza ukutani hata majani hayatazami. Nikang'ang'ania huyo huyo. "Haya, mke mwenza," bibi akacheka, "mchagua nazi hupata koroma." Mama naye alishaniambia: nitarudi naye Mwanza kama tu atakuwa amenizoea, maana kwenye chumba cha kupanga hakuna nafasi ya kukimbizana na mnyama.

Bibi akamwachia kwenye jiko lake la udongo, lililojaa moshi na harufu ya majivu. Simbilisi akajitosa nyuma ya kuni. Nilimwita, nikamletea majani mabichi, nikalala kifudifudi kwenye majivu mpaka gauni likabadilika rangi. Hola! Lakini bibi akikaa tu kwenye kigoda kumenya viazi vitamu vya kukausha michembe, kisu kikianza kukwaruza, unasikia mluzi: wii, wii, wii! Huyo anatoka mbio, anasimama miguuni kwa bibi, anatafuna maganda. Nikisogea mimi, karudi kwenye kuni. Niliumia, nasema kweli. Nimchague mimi, ampende mwingine?

Nikaomba nimenye mimi. Bibi akanipa kisu, nikamenya kiazi kimoja, akakigeuzageuza, akaninyang'anya kisu. "Unamenyea watu au unamenyea mbuzi? Nusu ya kiazi imeenda na ganda!" Akanituma kwenye jabali nyuma ya nyumba nikaanike michembe. Basi likizo yangu ikaishia hapo, nageuza vipande vya viazi juani, nafukuza kuku, na jikoni nasikia mluzi usionihusu.

Siku mama alipokuja kunichukua, tulipekua kuni zote. Kila nikinyoosha mkono, simbilisi anapenya kwingine. Mama akasema huyu hajakuzoea, tumwache. Nilivuka ziwa mikono mitupu, nimenuna, wala karanga nilizonunuliwa kivukoni sikuzionja.

Jiko lile halipo tena. Bibi tulishamzika, mjomba amejenga nyumba ya vigae na anapikia gesi, na jabali la michembe limepasuliwa kokoto. Siku hizi michembe nanunua sokoni, na haina ladha ile, usibishane na mimi.

Sasa, huyu simbilisi wa binti yangu alikuwa kimya tangu aje. Mtoto kambembeleza, kamwimbia, kamwekea mpaka kitambaa cha kulalia. Jana mchana nimekaa kwenye kigoda namenya viazi, nasikia kutoka kwenye boksi: wii, wii! Mtoto akaja mbio. Akamtazama simbilisi, akanitazama mimi.

"Mama, si ni wangu huyu? Mbona anakulilia wewe?"

Looh! Nilinyanyuka pale pale, nikamkalisha kwenye kigoda, nikampa kisu. Jamani, mtoto anamenya vibaya! Nusu ya kiazi ilikwenda na ganda. Maneno yalinijaa mdomoni, nikayameza. Simbilisi akatoka kwenye boksi, akasogea, akalitafuna lile ganda nene mkononi mwake, na mtoto hakuthubutu hata kupumua.

Ah, bibi! Na viazi vyako vyenyewe vilikuwa vingi vile, si ungeniachia tu kisu.