Kikopo cha Alfajiri

Nilikuwa muuguzi wa gereza moja wilayani Tarime kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kusikiliza vifua. Seli ya mahabusu ilijaa kuliko ilivyojengwa. Watu walilala ubavu kwa ubavu, na nyapara, yaani mwenzao aliyepewa kuwasimamia, ndiye aliyetoa amri ya kugeuka. Akisema "kushoto", wote waligeuka kushoto. Mahali kama hapo kifua kikuu hakihitaji kutafuta njia. Kwa hiyo kila Jumatatu nilisimama uani na daftari nikamuuliza kila mmoja: unakohoa tangu lini, usiku unatoka jasho, unakonda?

Walinificha, na sababu niliijua. Mwenye dalili hakupanda karandinga kwenda mahakamani mpaka majibu ya makohozi yake yarudi. Ukiikosa siku ya kesi yako kutajwa, unakaa wiki mbili nyingine.

Jumatatu moja nilimsimamisha kijana wa Kerende aliyekamatwa akiokota mawe kwenye kifusi cha mgodi. Shati lilimning'inia kama lililoanikwa.

"Hiki ni kikohozi cha vumbi la mawe, afande," alisema kabla sijamuuliza.

Nyapara, mchimbaji aliyetoka Kahama, akacheka. "Usijisumbue, afande. Mkurya haugui. Anachoka kidogo tu, kisha anazikwa."

"Wewe Msukuma, tutakutana nje," kijana akamjibu. Uani wakacheka, naye akacheka nao mpaka kikohozi kikamkatiza. Nikaliandika jina lake.

Alinifuata hadi mlango wa zahanati. "Afande, Alhamisi nina mahakama. Mama amepata wadhamini wawili, barua zao mtendaji wa kijiji ameshazigonga muhuri. Mmoja ni mjomba. Huyo akija bure mara moja, harudi."

"Majibu yakiwa safi utakwenda," nilimwambia. Nilidhani ninamtia moyo.

Makohozi mazuri ya kupima ni ya alfajiri, hivyo jioni nilimpa kikopo chenye jina lake aingie nacho seli. Nilimwelekeza akohoe kutoka kifuani, asiteme mate matupu. Nikaagiza alale chini ya dirisha hadi tupate majibu. Asubuhi alinikabidhi kikopo kimefungwa vizuri, nikakipeleka hospitali mwenyewe. Jumatano majibu yakarudi: hakuna vimelea. Nililikata jina lake kwenye orodha kwa mstari mmoja wa rula, nikamwambia nyapara amrudishe mahali pake pa zamani, katikati ya wenzake.

Alhamisi alikwenda. Mjomba alikuja, na mdhamini wa pili pia alikuja. Hakimu alikuwa na udhuru. Karandinga likawarudisha wote saa tisa alasiri, na nilimwona akishuka kwa kushikilia bega la mwenzake.

Baada ya hapo hakuja tena zahanati, nami sikumwita; hata Jumatatu uani nilimpita bila kumuuliza. Kwenye daftari langu alikuwa mzima. Wiki ya sita walimleta wamembeba, damu imekauka kidevuni. Hospitali walimpima upya na vimelea vilikuwa vingi. Alifariki siku ya tatu.

Mama yake alikuja getini na khanga mbili, moja ya kumfunika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mlimpima?" akauliza.

"Tulimpima, mama."

"Ikasemaje?"

"Ilisema hana."

Alinitazama, kisha akaikunja upya ile khanga ambayo ilikuwa imekunjwa tayari.

Wiki ile ile niliipima seli nzima. Safari hii niliwatoa mmoja mmoja juani, mahali ambapo upepo ulivuma kuelekea ukutani, mbali na wenzao, na kila mmoja alikohoa mbele ya macho yangu. Ilipofika zamu ya mahabusu mwingine wa Kerende, aliyekamatwa siku moja na marehemu, alikipokea kikopo akakaa nacho mkononi.

"Hiki kitakuwa cha pili, afande."

"Cha pili kivipi? Sijawahi kukupima."

"Cha kwanza kilikuwa na jina la mwenzangu."

Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Tuliingia jando mwaka mmoja," akasema. "Aliniomba."

Nimeishi Tarime vya kutosha kuelewa kwamba alikuwa amemaliza kunijibu. Mtu mliyetahiriwa naye mwaka mmoja mnakula sahani moja hadi uzeeni, na akikuomba jambo, hulipimi kwanza. Mimi nililijua hilo nilipompa kijana kikopo na kumwacha aingie nacho kati ya watu wake, usiku mzima, huku Alhamisi ikimsubiri. Niliogopa ugonjwa. Sikufikiria kwamba kungekuwa na mtu wa kumkopesha kifua kizima.

Kifua hicho hakikuwa kizima tena. Majibu yalipotoka, yeye na wengine wanne tuliwahamishia kwenye chumba kilichokuwa stoo, tukatoboa dirisha la pili. Kesi yake ilitajwa bila yeye kuwapo, na hakulalamika.

Asubuhi moja, nikimpa vidonge, aliniuliza, "Afande, kama angetema mwenyewe siku ile, angekuwa hai?"

Ningeweza kumwambia kwamba kosa lilikuwa langu, na ingekuwa kweli. Ningeweza kusema ni Mungu. Lakini aliuliza swali moja, na alikuwa akingoja jibu la hilo hilo.

"Angeanza dawa wiki sita mapema," nilisema. "Wengi wanaoanza mapema wanapona."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akavimeza vidonge vyote kwa pamoja, akanywa maji, kisha akafungua kinywa na kuinua ulimi, kama utaratibu mpya ulivyotaka, ili nihakikishe.

Nikainama, nikaangalia.